Supu ya Furaha na Kijiko ya Mama Mkwe

Haya, nyinyi wenye mnashika mwiko sasa, sogeeni huku mbele! Wewe wa simu, weka simu, haitakimbia. Wewe mwenye unacheka na bado sijasema kitu, cheka tu, utachoka mapema. Na wewe dada wa pale mlangoni, ingia kabisa, mimi siumi. Meno ya kuuma nilimaliza ku makayabo ya mwaka wa kwanza hapa Durban, ile samaki ya chumvi ilikuwa ngumu sawa kiatu ya askari.

Mnaniita Mama Sombe. Jina yangu ya ubatizo hata pastor amesahau. Mimi masomo sina. Shule nilikuwa napita mbele yake tu, nikienda soko na beseni ku kichwa. Mais kupika, eish! Nimepikia watu wa huu mji mpaka nafikiri nusu ya matumbo ya South Beach inanijua kwa sauti. Sasa magoti imekataa kusimama mbele ya jiko, nimestaafu, nyinyi njo mnanipikia. Leo mmeniomba niwaambie kazi. Bon. Nitawaambia ya kazi, na ndani yake nitaweka ya Furaha, juu ile njo kazi yenye namshukuru nayo Mungu zaidi ya zote.

Nilianzia gorofa ya nane, jengo moja karibu na bahari. Nilikuja na kinu ya kutwangia sombe, yale majani ya muhogo. Kinu ule ulikuwa mzito mpaka lift ilifungua mlango, ikatuomba kwa heshima tushuke. Nikianza kutwanga pale juu, meli za port zilikuwa zinafikiri kuna mtu anaziita. Siku moja mlango ukagongwa. Gogo wa gorofa ya chini yangu, mama mzee Mzulu, amesimama na kikombe.

"Mama," akasema, "rangi ya dari inaangukia mu chai yangu."

Nikamvutia kiti, nikamwekea sombe na bugali ya moto. Akakula. Akaongezwa. Tangu ile siku, nikikaa bila kutwanga, yeye njo anapanda kuuliza: "Leo kimya, mama, uko mgonjwa?"

Nyinyi leo mnanunua sombe imeshatwangwa, imeganda mu frigo sawa matofali. Siwacheki. Ningekuwa nayo zamani, mabega yangu ingekuwa bado ya msichana. Mais imetwangwa haisemi imepikwa! Aliyenifundisha, marehemu Mama Sifa, Mungu amlaze vizuri, alikuwa ananipiga na mwiko ku vidole: "Chemsho ya kwanza usifunike! Acha ile harufu ya majani mabichi itoke, iende kwao." Mimi siku moja nilikuwa na haraka, harusi inangoja, nikafunika. Vraiment, sitawaelezea yote, kuna watu wanakula hapa. Nasema tu kusema choo ya ile ukumbi ilikuwa moja, na mpaka leo iko bwana harusi mmoja hapa Durban, akiniona ku robot, zile taa za barabara, anavuka barabara hata kama iko nyekundu.

Bon. Furaha.

Furaha alikuwa anasuka nywele ku salon moja kule Point. Mtoto mtaratibu, vidole vyepesi, anakusukia kichwa mzima na wewe unalala. Bwana wake Bahati alikuwa anatengeneza simu ku duka ya barabara ileile. Wote wawili wateja wangu, kila mchana. Miaka ikapita, mtoto hakuna. Watu wa kanisa wakaanza ile kuangalia yao, mnaijua, wanakusalimia uso, kisha macho inashuka mpaka ku tumbo.

Kisha mama ya Bahati akafika kutoka Uvira, kule nyumbani. Tumuite Mama Bahati. Mama mrefu, kitambaa ku kichwa sawa bendera, sauti ya kuita ng'ombe upande wa pili wa ziwa. Alisema amekuja kutembea. Mais salon yote ilijua alitumwa na jamaa. Kama Furaha hazai, Bahati atafutiwa mwingine, msichana iko tayari kule nyumbani. Alimwambia Furaha wazi, wakichambua maharagi: "Mwanangu, mimi sikuchukii. Mais jamaa wananingoja na jibu."

Basi Mama Bahati akaanza kumlisha. Asubuhi, maziwa ya kuchacha, baridi kutoka frigo, kikombe kubwa. Mchana, sombe yenye inaogelea mu mawese, na pilipili ya kutoa machozi. Na udongo, ule wa kutafuna, alikuja nao mu sanduku kutoka nyumbani. "Mimi nilizaa tisa na udongo huu," anasema. "Tisa!"

Wakati uleule, mteja mmoja wa salon alimpeleka Furaha kwa munganga Mchina kule Berea. Mama mdogo-mdogo, mzee, anaketi mu chumba ya nyuma ya nyumba ya zamani, ukuta mzima ni droo ndogo-ndogo. Tulimwita Docta Mei. Docta Mei akamshika mkono, akasikiliza damu, akaangalia ulimi. Akasema: mwili yako iko baridi. Usikunywe kitu ya baridi. Usikule mbichi, kunywa supu za moto za kwetu. Punguza mafuta, punguza pilipili. Vaa soksi. Akampa na unga wa majani wa kukoroga mu maji moto, uchungu yake! Niliuonja kwa ncha ya ulimi, nikaona babu yangu.

Sasa angalieni hesabu ya Furaha. Docta anakataza maziwa ya baridi, anayaacha. Mama mkwe anasema zile supu za Wachina zinafunga tumbo, anaziacha. Docta anakataza sombe ya mafuta, anaiacha. Mama mkwe anakataza mayai, kwao mke hakuli mayai kabla ya kuzaa, anaacha. Kila moja anatoa kitu mu sahani, hakuna mwenye anarudisha. Mwisho mtoto wa watu akawa anakula nini? Soksi!

Mchana moja naleta chakula ku salon, nakuta wanawake wamezunguka, mteja nywele imesukwa nusu tu, upande moja ya kifalme, upande moja ya vita. Furaha iko chini, ameanguka. Tukamwinua, tukampeleka clinic. Nurse akamtoa damu, akasema damu imepungua sana, huyu mama hakuli. Akauliza: "Unakunywa dawa gani?" Furaha akamwambia yote, ya Mchina na udongo. Nurse hakumchekelea. Akasema udongo uache kabisa, unakula damu yako. Ule unga wa majani lete tuuone. Na ukule, dada. Ukule!

Tukitoka nje, Furaha akanishika mkono. "Mama Sombe, nikikula ya mama, nafikiri naharibu ya docta. Nikikula ya docta, nafikiri namfukuza mama. Nikitia kitu mu mdomo, moyo inapiga. Nisipozaa, mimi njo nimekosea mahali fulani mu sahani."

Mnasikia ile neno? Mimi mpishi. Mtu kuogopa sahani, kwangu ni sawa kumwambia pastor watu wanaogopa Biblia. Nikamwambia: "Kesho tunaenda wote kwa huyo mama wa Berea. Mimi nitamuuliza ya jikoni."

Tulienda. Kupanda ile mlima wa Berea na magoti haya, nilifika nimeshaona mbingu, malaika wakaniuliza kama nimeleta sombe. Docta Mei akaniambia na mimi nitoe ulimi. Nikatoa. Akaangalia, akatikisa kichwa: "Pilipili mingi. Maneno mingi."

Nikamwambia, "Docta, ya pilipili itapona."

Kisha nikamuuliza moja-moja, sawa vile mpishi anamuuliza mwenye harusi. Sombe anaweza? Akasema, "Nani alimkataza? Ni majani ya kupikwa, mzuri sana. Mafuta kidogo, ikuliwe ya moto." Mayai? Akule. Maziwa ya kuchacha? Akafikiria. Akasema si asubuhi, na si ya frigo. Mchana, yakishakaa inje yakapoteza ubaridi, kikombe kidogo. Samaki ndogo, ndagala? Akafurahi, akasema hata kwao wanakula za hivyo. Kuku? Supu, na tangawizi mingi. Akanifungia tende ndogo nyekundu za kwao, za kutia mu supu.

Nyinyi vijana, sikieni hapa vizuri, hii njo kazi. Docta hakumkatazia Furaha chakula ya kwetu. Furaha alijikatazia, juu ya woga. Alichukua "punguza" akaifanya "acha". Mpishi akisikia mtu anasema docta amemkataza kitu, aulize: alisema nini kabisa? Ku sufuria, kupunguza na kuacha ni vitu mbili.

Tukisimama tuondoke, Docta Mei akauliza: "Na bwana iko wapi? Mtoto haifanywi na mtu moja."

Eish. Ile swali tulishuka nayo mlima sawa mtungi wa mafuta ku kichwa. Nani atamwambia Bahati? Na mama yake iko palepale, anasema kila siku mtoto wake haina shida, angalia mabega yake!

Nilimkuta Bahati ku duka, amelalia simu ya mtu na ile bisibisi yake ndogo sawa mguu wa mbu. Sigara ku sikio, chupa ya energy, ile soda ya nguvu, pembeni, njo chakula yake ya asubuhi. Nikamwambia: "Bahati mwanangu, mtu akikuletea simu haichaji, unaangalia simu tu, ao unaangalia na chaja pia?"

"Maman, unaangalia zote mbili. Mara mingi ni chaja."

Nikamwangalia. Akaniangalia. Bisibisi ikaanguka.

"Ah! Maman! Mbele ya wateja!"

Mais alienda clinic. Sitawaambia walimwambia nini, hiyo ni ya nyumba yake. Nasema tu kusema sigara ilikufa, ile chupa ya energy ikakufa, na asubuhi nikaanza kumpelekea uji wa mtama wa moto, sufuria moja na bibi yake.

Sasa kazi ikaanza. Nilipika sombe ya Furaha peke yake. Chemsho ya kwanza bila kifuniko, mpaka pua yangu ikubali. Kitunguu, biringanya, ndagala ya kukausha, tangawizi ya kutwanga. Mawese kijiko moja mwishoni, ya harufu tu, Mama Bahati aisikie kutoka mlangoni na moyo yake itulie. Pilipili nzima, haijapasuka, iogelee juu, mwenye anaitaka aifinye mu sahani yake. Kuku nilitafuta zile ngumu za Wazulu, zenye ukizipika asubuhi zinalainika jioni ya kesho. Supu, tende nyekundu ndani, yote mu themosi ifike ya moto. Unga wa majani, nurse aliuona, akasema kidogo-kidogo sawa, mais mimba ikiingia wauache, waje kuuliza. Tukakubali.

Kila siku nafika na ile mzigo kwao. Na kwetu mnajua desturi. Mwenye ameleta chakula anaonja kwanza, mbele ya watu, waone haina kitu mbaya ndani. Mama Bahati alikuwa mkali ku hiyo, kwa supu ya Mchina ndio zaidi. Naonja kijiko moja. Ananiangalia kama nitaanguka. Sianguki. Kisha anasema: "Na mimi nitaonja. Ni bibi ya mtoto wangu." Namwachia, narudi ku jiko yangu.

Wiki zinapita. Naangalia Furaha, bado mwembamba sawa ufagio. Nikashangaa. Chakula yenye naleta ingenonesha hata mlango! Siku moja nikarudi bila kuitwa, nimesahau kifuniko ya themosi. Naingia. Furaha ameketi ku kona na sahani ndogo sawa ya mtoto. Na Mama Bahati iko ku meza, kitambaa ametoa, jasho ku uso, ameinamia supu, kijiko inapanda na kushuka sawa cherehani.

"Mama Bahati! Unafanya nini?"

"Ninaonja."

"Mama, kuonja ni kijiko moja. Wewe hapo unaoga!"

"Ninahakikisha kusema chini haina dawa. Watu wabaya wanaweka chini."

"Na mifupa? Mifupa umeitafuna ya nini?"

"Dawa inaweza kuingia mu mfupa."

Furaha akashika mdomo. Nikafikiri analia. Kumbe anacheka! Miaka yote namjua, sikuwahi kusikia ile kicheko, ya kutoka chini kabisa. Mama Bahati akamwangalia, akajaribu kukasirika, uso ikakataa. Akacheka naye. Nikaketi.

Kisha Mama Bahati akasema polepole, kijiko ingali mkononi: "Magoti yangu haiumi tena. Tangu hii supu. Kule nyumbani, ni nani mwenye alinipikia supu? Nilizaa tisa, nikazika watatu, nikapikia wote."

Furaha akainuka, akachukua ile sahani yake ndogo, akaimwaga mu sahani kubwa ya mama mkwe. Akavuta kiti. Wakakula sahani moja.

Mimi kesho yake nikabadilisha sufuria. Nikachukua kubwa, ile ya matanga. Sahani nikaleta moja tu, pana. Hiyo mtaiandika mu vichwa: ukipikia mgonjwa mwenye anaishi na watu, pikia nyumba. Ukimpikia peke yake, kwanza anaona haya, pili wanamwibia.

Toka pale Mama Bahati akawa askari wa Docta Mei. Furaha akifungua frigo, "Wee! Baridi!" Furaha akivua soksi, "Mguu!" Udongo je? Nurse alikataza, Docta Mei alikataza. Mama Bahati akasema ni dhambi kutupa kitu ya nyumbani. Akaula mwenyewe mpaka ukaisha. Unga wa majani wa uchungu nao alitaka kuonja, tukamkatalia. Jamaa wakapiga simu kutoka Uvira, wanataka jibu. Nilikuwa pale, namwaga supu. Mama Bahati akaweka mkono ku simu, akamwangalia Furaha mwenye anafuta meza na hapumui. Kisha akarudisha simu ku sikio na ile sauti ya ng'ombe: "Jibu? Jibu gani? Mimi niko nakula! Mwambieni ule msichana aolewe na mwingine, hapa bibi iko!" Akakata.

Furaha aliweka kichwa ku meza pale, akalia. Mtoto alikuwa bado hajaingia, sikieni. Bado kabisa. Alilia juu ya neno "iko".

Mimba iliingia wakati hakuna mwenye alikuwa anahesabu. Nilijua mimi wa kwanza, juu nilifungua sufuria ya sombe na yeye akakimbia. Mtu akikimbia sombe yangu, ao iko na mimba, ao ni ule bwana harusi. Clinic ikahakikisha. Ule unga ukaachwa sawa vile tulikubali, na tukaendelea na uji, na sombe, na supu, sahani pana, vijiko vitatu, ya Furaha, ya mama mkwe na ya Bahati.

Sasa mtaniuliza, Mama Sombe, ni nini njo ilisaidia? Mchina ao sombe? Mimi sijui. Mimi si munganga. Nilipikia na wengine vilevile, na tangawizi ileile, mtoto hakuja, na hao pia ni wanangu, na sahani yao niliijaza sawasawa. Sitawadanganya ku hiyo, hata mimi mwenye nawadanganya ku ingine yote. Namshukuru Docta Mei, hakuringa na maarifa yake, alinijibu maswali ya jikoni sawa mtu na mwenzake. Namshukuru ule nurse, hakumchekelea mtu. Namshukuru Bahati, alikubali kuangalia chaja. Na Mama Sifa na mwiko wake ku vidole vyangu. Mungu ajigawie mwenyewe, anajua yake ni ngapi.

Mtoto alizaliwa msichana, mnono sawa mkate. Siku ya kumtoa inje, nyumba ilijaa mpaka watu wanakaa mu bafu. Gogo wangu alikuja na blanketi amefuma mwenyewe. Docta Mei alikuja, ameketi ku kona, anakula sombe, na naona kwa macho yangu anatafuta pilipili. Nikamwambia, "Docta, ulimi!" Akainamisha kichwa, akafinya pilipili ileile.

Pastor akaomba. Kisha akasema, "Mtu wa jamaa asimame ashukuru." Mama Bahati akasimama, mtoto mkononi, kitambaa ku kichwa sawa bendera mbili. Pastor akafunga macho, akingoja maneno mazito. Mama Bahati akaangalia sufuria yangu, akamwangalia Furaha, akaangalia mtoto, akapaza ile sauti ya kuvuka ziwa:

"Aksanti Mungu, mimba ilichagua vizuri tumbo ya kuingia, juu ile supu, mimi njo nilikunywa mingi!"